Kofia za Maneno na Sahani Tupu

Jumatatu, Mei 4

Daftari hili si langu. Yumna alinunuliwa mawili, moja la hesabu na moja la kuandika habari zake za kila siku kwa Kizungu, kama alivyoagizwa. La hesabu akaliacha, ati la zamani bado lina kurasa. Nikamwambia, lete. Wewe andika yako ya Kizungu, mimi niandike yangu kwa lugha ya mama yangu, tuone nani ataishiwa na maneno mwanzo. Akacheka. Mimi sikucheka. Skuli nilifika darasa la tatu, na chuoni nikahitimu msahafu, na mkono wangu haujasahau kushika kalamu.

Babake Yumna amepiga simu kutoka Maskati. Sufyan huyo alimuoa mwanangu wa pekee, na miaka sita iliyopita tukamzika mwanangu. Mwaka haukuisha vizuri akaoa huko huko, na sasa mke amezaa mapacha.

"Mama," akaniambia, "Yumna amepata thelathini na moja Kizungu. Anakaa darasani afanye nini? Aje huku amsaidie mamake mdogo na watoto."

"Msichana wa miaka kumi na minne umfanye yaya?"

"Si yaya, mama. Ni dada yao."

"Dada anayeosha nepi usiku na mchana ana jina lake, na wewe wajua ni lipi."

Tukavutana mpaka akachoka. Akasema Yumna akipata hamsini muhula huu, atabaki kwangu na hatamtaja tena. Asipopata, mwisho wa Julai yuwaja mwenyewe kumchukua. Nikamwita Mahira, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nikaweka simu sauti ya juu, nikamwambia Sufyan, rudia. Akarudia. Mahira ana masikio ya watu wanne, kwa hivyo nina mashahidi wanne.

Ndiyo maana nimemkubali yule mwalimu wa Kizungu barazani kwangu.

Jumanne, Mei 5

Mvua. Bajia zangu za kuuza zimelowa. Paka wamekula nusu. Sina la kuandika ila kefule.

Alhamisi, Mei 7

Huyo mwalimu anaitwa Joab, mtu wa bara, kutoka upande wa ziwani. Asubuhi ni karani wa kuhesabu makontena Shimanzi, jioni anafundisha Kizungu watoto wa mtaa. Amepanga chumba cha juu kwa Mahira. Mrefu, mkimya, viatu vyake vina vumbi la malori. Kwa kuwa baraza yangu ina paa na taa, darasa limehamia hapa, mimi upande mmoja na karai langu la viazi na bajia, yeye upande wa pili na ubao. Ubao wenyewe ni mlango wa kabati bovu la Mahira, umepakwa rangi nyeusi.

Leo nimesikia uchafu wa lugha mpaka nikaunguza bajia.

Ameandika neno "happy". Furaha. Haya, vyema. Kisha akabandika kidude mbele, "un", na neno lililokuwa likicheka likaanza kulia. "Unhappy", huzuni. Akafanya vivyo hivyo kwa "tie", kufunga. "Untie", kufungua. "Kind", mwema. "Unkind", katili. Neno ni lile lile, ila limevikwa kofia na limegeuka adui wa nafsi yake. Yeye anakiita kidude hicho kiambishi awali. Mimi nakiita kofia.

"Mwalimu," nikamwita kutoka kwenye karai, "Mzungu alishindwa kutafuta neno lingine la huzuni? Umaskini gani huo?"

"Ni werevu, Mama. Ukijua neno moja umepata mawili."

"Ukijua mtu mmoja umepata wanafiki wawili, sema hivyo."

Watoto wakacheka. Yumna akainua mkono. "Mwalimu, na 'uncle' je? Ni mtu asiye na 'cle'?"

"Ami zako wa Lamu," nikamjibu mimi, "hawana cle wala haya."

Mwalimu alicheka kwa adabu, akafuta jasho. "Si kila 'un' ni kofia, Yumna. Nyingine ni kichwa chenyewe. Ukiivua, umemuua mtu."

Lugha gani hii, mpaka umpapase mtu kichwa ndipo ujue ni kofia ya kuvua au ni kichwa kisichonyofoka!

Ijumaa, Mei 8

Nimepika pilau. Nimepeleka sahani kwa Mahira, sahani kwa mjane wa pembeni, sahani kwa muadhini. Na mwalimu nimempelekea, kwa sababu mtu hafundishi barazani kwako akala mkate mkavu Ijumaa. Nikampa katika sahani ya kaure yenye maua ya buluu, ya jihazi, vyombo vya harusi vya marehemu mwanangu. Zilikuwa sita, zimebaki mbili. Nikaifunika kawa. Sijui kwa nini nilimpa hiyo. Nilitaka asomeshe kwa moyo.

Jumamosi, Mei 9

Imerudi tupu.

Naandika tena nipate kuamini. Sahani imerudi tupu! Mwalimu mwenyewe aliileta, ameishika kwa mikono miwili kama anayeleta maiti ya mtoto. "Asante sana, Mama, chakula kilikuwa kitamu." Nikainua kawa. Hamna kitu. Imeoshwa mpaka yang'aa, maua ya buluu yananitazama uchi.

Mimi nimezaliwa mtaa huu, mamangu kazaliwa mtaa huu, na sijaona sahani ya jirani ikirudi hivyo. Huna kitu? Tia ndimu moja. Huna ndimu? Tia chumvi kwenye karatasi. Mwaka babangu alipokuwa kitandani hajiwezi, mama alirudisha sahani za watu na jani la mlimau juu yake, jani moja, na watu wakalipokea kwa heshima. Sahani tupu yasema, yaliyo kati yetu yamekwisha, usinipelekee tena. Mtoto wa miaka mitano ajua. Huyu ana digrii.

Nimeirudisha kabatini. Kinyaa kimenipanda mpaka cha mchana sikula.

Jumanne, Mei 12

Kofia mpya, "dis". "Obey", kutii. "Disobey", kuasi. "Respect", heshima. "Disrespect". Nilimtazama mwalimu alipoandika hilo la mwisho. Hakuhisi kitu. Ngozi ya kiboko.

Jumamosi, Mei 16

Jana nilimpelekea tena, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilisema pengine mara ya kwanza alighafilika. Sahani imerudi leo, inang'aa kuliko mara ya kwanza. Ilinuka sabuni ya maua.

Nimemwonyesha Mahira. Akaweka mkono mdomoni. "Shoga, huyo anakucheza shere."

"Mimi?"

"Wewe. Kwani wako wawili?"

Mvua hainyamazi. Mtaro wa nyuma umefurika, na kinachoelea ndani yake sikiandiki.

Jumatano, Mei 20

Nikisema kweli, anajua kufundisha. Leo kawaambia watoto watafute maneno ya kwetu yanayovaa kofia. Wakatoa macho. Akanigeukia mimi.

"Mama, nisaidie. Mtu."

"Mtu nini?"

"Mbadilishe mbele."

Nikageuza kiazi, nikamjibu bila kumtazama. "Mtu. Ukimchukia akiwa mkubwa, jitu. Ukimdharau, kijitu. Na kile kinachomfanya asiwe mnyama, utu."

Akapiga makofi. "Mmesikia? Nyanya yenu amefanya kwa neno moja kazi yangu ya wiki mbili."

Watoto wote wakapiga makofi. Yumna alinitazama kama siku ile niliyomfukuza chatu ghalani kwa mchi. Nikawapa bajia mbili mbili, na mwalimu tatu. Usiku nilikumbuka sahani nikajuta ile ya tatu.

Jumatano, Mei 27. Idi.

Nimesema nitaandika yote, na hili pia nitaliandika.

Tulichinja asubuhi. Nyumba ilijaa, baraza ilijaa, wanawake wa mtaa wana nguo mpya na udi. Nikasema leo ni Idi, nampa nafasi ya tatu, hata Mola hutoa muhula. Nikapeleka nyama na mkate wa mayai katika ile ile sahani ya buluu. Alasiri watoto wakiwa wamejaa barazani na mama zao, akaja. Shati limepigwa pasi. Sahani mikononi.

Tupu. Kavu. Yang'aa kama kioo.

"Idi njema, Mama. Sahani ndiyo hii. Itazame vizuri."

Itazame vizuri! Mbele ya mtaa mzima! Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Nimeitazama. Mara tatu nimeitazama. Nimekulisha barazani pangu, na wewe wanirudishia uso wako mtupu. Nilidhani nimepata mtu. Kumbe ni kijitu. Kijitu tu kilichookotwa na treni kikatupwa Mombasa!"

Watoto waliacha kutafuna. Mtoto mmoja, sijui wa nani, akacheka, akapigwa kofi na mamake. Mwalimu alisimama pale. Nilitaka anijibu. Wallahi nilitaka anijibu, nipate kuendelea. Akaiweka sahani barazani taratibu, isigonge. Akachukua chaki zake kutoka dirishani, zote, hata vile vipande. Akaondoka.

Yumna aliingia ndani, hakutoka mpaka Isha.

"Nyanya," akaniambia, "ulimwita kijitu."

"Nilimwita anachostahili."

"Yeye ndiye alikusifu kwa neno hilo."

Nikamwambia alale.

Alhamisi, Mei 28

Darasa hakuna. Baraza pana kama uwanja.

Jumanne, Juni 2

Mahira kamtoa mwalimu chumbani. Ati mume wake hataki mtu asiye na adabu juu ya vichwa vyao. Kahamia Majengo. Wanawake wananisifu sokoni, Bi Maisara umetusemea. Sifa zenyewe zina ladha ya samaki aliyelala siku mbili.

Jumatatu, Juni 8

Nimejaribu kumsomesha Yumna mwenyewe kwa daftari lake. Yeye anasoma neno na maana, mimi nafunika kwa kiganja na kumuuliza. Leo ni kofia ya "mis", ambayo yasema jambo limefanywa vibaya.

"Misuse," nikamuuliza.

"Kutumia vibaya."

"Endelea."

"Mislead. Kupotosha."

"Endelea."

"Misjudge," akasema. "Kuhukumu mtu vibaya."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. "Neno lingine," nikamwambia.

Jumapili, Juni 14

Nimempeleka Ngomeni kwa kijana anayezungusha watalii. Huyo Kizungu kinamtoka kama maji ya bomba. Nikamlipa bajia kwa somo la saa nzima. Amemfundisha Yumna "very old" na "special price for you, my friend". Tumerudi nyumbani na matope hadi magotini. Kefule, na tena kefule.

Ijumaa, Juni 19

Mtihani wa nusu muhula. Thelathini na nne.

Yumna aliweka karatasi kwenye mkeka akakaa nayo kama anayelinda maiti. Hesabu themanini na moja, Kiswahili tisini, dini tisini na mbili, kisha hilo kovu.

"Mwalimu Joab alikuwa ameahidi kufundisha haya," akasema, akionyesha ukurasa. "Wiki ile baada ya Idi."

Angenitukana ningejua la kumjibu.

Saa mbili usiku Sufyan kapiga. "Mama, nimeshaanza kushughulikia karatasi zake."

"Muhula haujaisha."

"Thelathini na nne, mama."

Nilimkatia simu, kisha nikaitazama ile simu kama ndiyo iliyofeli.

Alhamisi, Juni 25

Sidi kaja na nazi. Sidi ni mwanamke wa Kigiriama anayetuletea nazi za kukuna tangu mwanangu yuko hai, na maneno yake hayana sukari.

Akatua kikapu. "Bi Maisara, yule mwalimu wenu yuko kwetu Majengo, chumba cha tatu kutoka changu. Kwani alikukosea nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Hajui."

"Hajui?"

"Amekaa siku zote hizi akijiuliza ile sahani ilikuwa na uchafu wapi. Ati mara ya kwanza ulikunja uso, akasema labda kuna mafuta yamebaki. Mara ya pili akanunua sabuni ya kunukia. Siku ya Idi aliisugua kwa majivu, akaisuuza mara tatu, akaipangusa kwa shati lake la kanisani. Kwao mamake alimfunza, chombo cha mwenyewe kikirudi lazima kiwe kisafi kuliko kilivyokuja. Sasa wewe ukamtukana mbele ya watu, na yeye bado anatafuta doa."

Nilikuwa na nazi mkononi. Sikuipasua.

"Hamkumwambia ya kurudisha sahani na kitu?" Sidi akauliza.

"Mtu mzima huambiwa?"

Sidi akacheka kicheko kibaya. "Mimi nilipoolewa Majengo, mamake mume wangu alinifinya sikio ndipo nikajua. Huyo hana mama hapa wa kumfinya."

Alipoondoka nikaitoa sahani kabatini nikaitazama upande huu na upande ule. Haina doa. Aliyekuwa na doa nilimwona kwenye kioo nikijifunga buibui, na nilichukizwa naye kuliko nilivyowahi kuchukizwa na mtu.

Jumamosi, Juni 27

Nimekwenda Majengo.

Nilipika mkate wa sinia alfajiri, iliki ya kutosha, nikaukata nikaupanga katika sahani ya buluu, kawa juu, mfuko wa nailoni juu ya kawa. Mvua ikanipokea njiani. Barabara ya malori ya Shimanzi ilinirushia matope mpaka usoni, na dereva mmoja akapiga honi kama mimi ni mbuzi. Majengo maji yalikuwa yakipita katikati ya nyumba yakibeba maganda na viatu vya watoto. Nilivua vyangu nikavishika mkononi. Mimi, binti wa Mji wa Kale, peku peku Majengo.

"Hodi."

"Karibu." Kisha akaniona, akasimama wima. "Mama."

Chumba kina kitanda, stovu, vitabu. Akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Akanitandikia taulo miguuni nijipanguse, safi kabisa. Bila shaka safi.

Hakuuliza hali. Aliuliza lile lake. "Mama, ile sahani ilikuwa na uchafu wapi?"

"Haikuwa na uchafu."

"Basi?"

"Ilikuwa tupu."

Akanitazama. Nikamweleza. Nilimweleza ndimu, chumvi kwenye karatasi, jani la mlimau la mamangu. Nilimweleza nikitazama ukuta, maana uso wake sikuuweza.

"Kwa hivyo kila nilivyozidi kusugua," akasema polepole, "ndivyo nilivyozidi kukutukana."

"Ndiyo."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akafunika uso, na sikujua kama bado anacheka. Kisha akasema, "Ungeniambia, Mama."

"Kwetu mambo hayo hayasemwi."

"Kila siku nawaambia watoto mambo ambayo Mzungu hafikirii kama yahitaji kusemwa."

Nikampa mkate. Akaupokea kwa mikono miwili. Nikamwambia Yumna amepata thelathini na nne na babake anamchukua, kwamba zimebaki wiki nne, kwamba baraza iko.

"Mimi nimeshakusamehe," akasema. "Na zamu ya jioni niliyopewa darasa lilipovunjika, nitabadilishana na mwenzangu. Lakini mwalimu aliyeitwa kijitu mbele ya wanafunzi hawezi kusimama mbele yao tena. Hilo si la moyo wangu. Ni la kazi."

Nilimwelewa. Ningeomba nisimwelewe.

Sahani nimeiacha kwake.

Jumatatu, Juni 29

Nimetuma watoto waitwe, wote, na mama zao. Nimesimama barazani, karai limezimwa. Mahira yuko mstari wa mbele, macho yametoka kama ya kamba. Mwalimu kasimama nje ya paa, mvua inamnyeshea.

Nikasema, "Siku ya Idi nilimwita mwalimu kijitu mbele yenu. Nilimvika jina lisilo lake. Hakukosa yeye. Sisi ndio hatukumwambia sahani hurudi vipi, na mimi ndiye mkubwa wenu, na kosa ni langu. Leo namvua jina lile mbele yenu kama nilivyomvika. Mwalimu, karibu barazani."

Mahira akanong'ona, "Bi Maisara, ungemwambia kando tu."

"Nilimtukana kando?"

Akatafuna kitambaa chake cha kichwa. Mwalimu akapanda ngazi mbili, akapangusa ubao kwa mkono, akatoa chaki mfukoni. "Tulifika wapi?"

"Mis," akajibu Yumna.

Nikarudi kwenye karai langu. Sitaki kuulizwa.

Jumatano, Julai 1

"Over", kupita kiasi. "Under", pungufu. Baridi ya kusi imeanza. Sahani haijarudi.

Jumatatu, Julai 6

"Pre", kabla. Mvua imepungua. Sahani haijarudi.

Jumatatu, Julai 13

Yumna anasoma barazani mpaka Isha. Leo alilia juu ya "im" na "in" na "il" na "ir", ati zote zinakanusha, kwa nini nne? Mwalimu kasema ni kofia moja inayokatwa kwa kipimo cha kichwa. Fundi cherehani mwenye wazimu, nikasema mimi. Sahani haijarudi.

Ijumaa, Julai 17

Nimemfunza mwalimu adabu ya sahani na sasa anaikalia. Ya jihazi ya mwanangu! Wiki tatu! Sitauliza. Nimeshasema ya kutosha mwaka huu.

Alhamisi, Julai 23

Mtihani wa Kizungu ulikuwa leo. Yumna alirudi akalala na viatu.

Jumatano, Julai 29

Sufyan ameshuka. Amenenepa. Kaniletea manukato na halua, na karatasi za Yumna ziko ndani ya bahasha ya buluu, ameiweka mezani nisiikose.

Alhamisi, Julai 30

Yumna katoka skuli saa saba. Nilimwona kutoka mbali, hatembei wala hakimbii. Sufyan kanyoosha mkono, akachukua karatasi kabla yangu.

Hamsini na nne.

Nilikaa chini. Mahira, ambaye alikuwa ukutani tangu asubuhi, akapiga kigelegele nyumba ya pili.

Sufyan akaigeuza karatasi kama kwamba nyuma yake kuna nambari nyingine. "Hamsini na nne si kitu kikubwa, mama. Kesho akishuka tena?"

"Ulisema hamsini. Ulirudia. Masikio ya watu wanne yalisikia, na yule pale ukutani yuwasikia hata sasa."

"Nimesikia!" akapiga kelele Mahira.

Sufyan akakasirika. Akamgeukia mtoto, akamsemesha Kizungu, kile cha kazini kwao, cha haraka. Nilishika maneno mawili, "come" na "willing", na hilo la pili mwalimu alilifundisha mwezi huu. Alikuwa akimuuliza kama yuko tayari kwenda naye.

Yumna alisimama na begi mgongoni bado. Akanitazama mimi, kisha babake.

"Unwilling," akasema.

Neno moja tu. Hakuna aliyenifasiria. Ile "un" naijua, nimekaa nayo muhula mzima, nimeitukana, nimeunguza bajia kwa ajili yake. Sasa ilikuwa imesimama mbele ya babake kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Sufyan aliitazama bahasha yake muda mrefu. Kisha akaikunja akaitia mfukoni. "Amekua," akasema.

"Amekulia hapa," nikamwambia. "Kula, chakula kinapoa."

Ijumaa, Julai 31

Sufyan kaondoka. Akambusu mtoto kipaji cha uso. Mapacha Mola awakuze, na mama yao awaoshee nepi.

Jumamosi, Agosti 1

Hodi asubuhi. Mwalimu, shati la kanisani, sahani ya buluu mikononi, kawa juu.

"Mama, nisamehe nimechelewa. Nilikuwa nangoja mzigo kutoka nyumbani. Mamangu aliukausha mwenyewe akautia kwenye basi, ukakwama Nairobi siku tisa."

Nikainua kawa. Harufu ikanipiga kama kofi. Omena, vidagaa vya ziwani, mlima wa omena kavu, kila kimoja na macho yake, vyote vikinitazama. Yumna alikimbilia dirishani. Paka wa mtaa mzima walikuwa ukutani kabla sijarudisha kawa.

"Ni nyingi," nikamwambia.

"Sikutaka ionekane tupu, Mama."

Nimevikaanga kwa nyanya na pilipili kama alivyonielekeza. Nyumba nzima yanuka, mapazia yananuka, buibui langu la Ijumaa linanuka. Vinachukiza. Vichwa vinapasuka menoni. Nimekaa jikoni peke yangu nikavila vyote mpaka sahani ikabaki maua matupu, na nimeiosha mara tatu.

Ijumaa atakula pilau.